Mbolea Tuitupayo Ziwani

Habari ninayotaka kuieleza si ya kusomwa mezani wakati wa kula, na wasomaji wapole wanisamehe. Walakini ni habari ya chakula hasa. Kila siku malori huingia Kampala kutoka Masaka, Mbarara na Bushenyi yakiwa yamelemewa na mikungu ya matoke, kisha hurudi matupu. Sisi twayatazama yakipita na kudhani kwamba kilicholetwa mjini ni ndizi tu. Sivyo. Ndani ya kila mkungu mna sehemu ya udongo wa Masaka, tena ile sehemu iliyo bora, na ikiisha kuingia mjini hairudi tena kwao.

Yafaa tulieleze jambo hili polepole, maana ndilo shina la mengine yote. Mmea hujipatia sehemu kubwa ya mwili wake kutoka katika hewa na maji. Kwa nguvu za jua hutengeneza wanga, sukari na nyuzi za shina, na vitu hivyo haviigharimu ardhi chochote. Lakini viko vitu vingine ambavyo mmea huvipata katika udongo kwa njia ya mizizi. Vilivyo vikuu ni vitatu: naitrojeni, ambayo hulifanya jani liwe pana na la kijani, fosforasi, ambayo husaidia mizizi na mbegu, na potasiamu, ambayo mgomba huipenda kuliko mimea mingi. Maharagwe na jamaa zake hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyomo mizizini mwao, lakini mgomba hauna bahati hiyo. Usipopewa, hudhoofika.

Sasa mtu akila ndizi, wanga huungua mwilini ukampa nguvu, kisha hutoka kwa pumzi. Vile vitu vitatu havitoki kwa pumzi. Mtoto anayekua hujiwekea kiasi kidogo katika mifupa na nyama yake. Lakini mtu mzima aliyekwisha kukua hajiongezei kitu, na karibu yote aliyoyala hutoka tena, mengi katika mkojo na machache katika kinyesi. Kwa hiyo mtu hali rutuba ya shamba akaimaliza. Aipokea na kuipitisha. Tumbo ni stesheni ya njiani tu, si mwisho wa reli.

Kiasi chake ni kipi? Wataalamu wamekadiria, kwa kuangalia chakula kiliwacho katika nchi mbalimbali, kwamba mtu mmoja wa Uganda hutoa kwa mwaka kama kilo 2.5 za naitrojeni, kilo 0.4 za fosforasi na kilo 1.4 za potasiamu. Tarakimu hizi ni ndogo machoni, basi tuzipime kwa mfuko wa dukani. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Basi watu tisa au kumi hutoa kwa mwaka naitrojeni ya mfuko mmoja. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2024 ilionyesha kwamba Kampala ina wakazi karibu milioni 1.8. Zidisha mwenyewe: ni tani 4,500 za naitrojeni kwa mwaka, sawasawa na mifuko 195,000 ya yurea, mbali na fosforasi tani 720. Wala sijawahesabu wale waingiao mjini asubuhi kwa kazi na kutoka jioni. Hata nusu yake ikipotea njiani, na nyingi hupotea kwa kugeuka hewa, inayobaki si kitu cha kupuuzwa katika nchi iagizayo yurea yake yote kutoka ng'ambo.

Je, mali hii yaenda wapi? Zamani swali hili halikuwa na uzito. Katika kibanja cha Buganda migomba iliizunguka nyumba. Maganda, majivu, maji ya kuoshea vyombo na uchafu wa nyumbani viliishia chini ya migomba, na rutuba ikarudi palepale ilipotoka. Kisha wakuu wa afya wakahimiza vyoo vya mashimo, na walifanya vema, kwani choo kimeokoa maisha ya watoto wengi. Lakini shimo la choo huenda chini mita nyingi, na mizizi mingi ya mgomba haishuki hata mita moja. Rutuba huzikwa mahali ambapo mmea hauifikii, ila maji ya chini ya ardhi huifikia.

Mjini hali ni mbaya zaidi. Katika Kampala wakazi waliounganishwa na mabomba ya maji machafu hawafiki mmoja katika kumi. Waliobaki hutumia mashimo na matangi. Mashimo ya mabondeni hufurika wakati wa mvua, chemchemi zilizo chini ya vilima zimepimwa zikakutwa na uchafu wa vyoo, na mengi huangukia mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo wapita katikati ya mji, waingia katika kinamasi cha mafunjo, kisha waingia Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria. Na ghuba hiyo hiyo ndiyo ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya mji. Nadhani msomaji ameliona duara hilo, wala sihitaji kulieleza zaidi.

Ziwani rutuba haiachi kuwa rutuba. Ikikosa mgomba wa kulisha, hulisha chochote ikikutacho. Hulisha mwani mdogo wa kijani, hata maji ya ghuba yakafanana na supu ya mchicha. Mwani ukifa huoza, na kule kuoza huimaliza hewa iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Hulisha pia gugu-maji. Gugu hilo lenye ua zuri la zambarau, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba nzima nzima, meli zikapata taabu kuingia Port Bell na wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Mwaka wa 1995 Uganda ilianza kuachilia wadudu wadogo walao gugu hilo, na mwaka wa 1998 likapungua sana. Lakini halijaisha, na sioni litakavyoisha maadamu twalipelekea chakula. Ukitaka kujua sehemu moja ya matoke ya Masaka iliishia wapi, tazama majani yale mapana yaeleayo. Kitu kile kile kinachokosekana kwa mkulima ndicho kinacholitia ziwa ugonjwa.

Sisi si wa kwanza kufanya hivi. Mji wa London ulipozoea vyoo vya maji ulitia uchafu wake katika mto Thames, hata katika kiangazi cha mwaka wa 1858 uvundo ukawashinda wabunge ndani ya jumba lao. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya kuupeleka uchafu mbali, kuelekea baharini. Mtaalamu wa Kijerumani Justus von Liebig, mmoja wa wale waliofundisha kwamba mimea hula madini ya ardhi, alilalamika kwamba Waingereza wanatupa rutuba yao baharini na kuitafuta tena katika nchi za watu. Wakati ule meli zilikuwa zikileta Uingereza mavi ya ndege kutoka visiwa vya Peru yawe mbolea! Naye Victor Hugo wa Ufaransa aliikatiza hadithi yake katika Les Misérables, kitabu cha mwaka wa 1862, ili awakemee watu wa Paris kwa jambo hilo hilo.

Kisha likaja jambo lililowasahaulisha watu. Mwaka wa 1909 Fritz Haber alifaulu kutengeneza amonia kwa naitrojeni ya hewani, Carl Bosch akaifanya kazi hiyo iwe ya kiwanda, na fosforasi ikachimbwa katika mawe. Mbolea ya chumvichumvi ikawa rahisi katika nchi tajiri. Kwetu haijawa rahisi bado. Viwanda vya amonia hula gesi nyingi, hivyo bei ya gesi ikipanda Ulaya mkulima wa Masaka huisikia mfukoni. Tuliona hivyo mwaka wa 2021 na 2022. Uganda ina mawe ya fosfati katika vilima vya Sukulu karibu na Tororo, na ni jambo jema. Lakini mawe yakichimbwa huisha, na mkojo hauishi.

Hapa msomaji mwerevu atauliza: basi kwa nini tusimwage tu kinyesi shambani? La, hasha! Wako waliofanya hivyo, na walilipa kwa afya yao. Huko Japani, mji wa Edo, ambao leo huitwa Tokyo, ulikuwa na biashara kubwa ya uchafu wa vyoo. Wakulima waliununua kwa fedha au kwa mboga, na bei ilipopanda waligombana na wauzaji. Walakini uchafu utumiwao kabla ya kuiva vema hupanda minyoo pamoja na mboga. Katika miaka ya kwanza baada ya vita iliyokwisha mwaka wa 1945, Wajapani zaidi ya nusu walikuwa na mchango tumboni.

Mayai ya mchango ni kitu kigumu ajabu. Sabuni haiyaui, kukauka kidogo hakuyaui, na katika udongo wenye unyevu na kivuli huweza kuishi miaka. Pamoja nayo huja vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Ndiyo sababu siwezi kukisifu kilimo cha magimbi na miwa katika kinamasi cha Nakivubo. Magimbi ya huko hunawiri kweli, kwa kuwa maji yale yana rutuba. Lakini mkulima huingia miguu mitupu katika maji ya vyoo, na maji yenyewe huchukua pia taka za viwanda na gereji, zenye madini kama risasi ambayo hayaozi wala hayafi. Simlaumu. Mwenye njaa hulima palipo na maji. Ila hiyo siyo njia ninayoieleza.

Njia yenyewe huanza kwa kujua kwamba mkojo na kinyesi ni vitu viwili, na kwamba shida nyingi hutokana na kuvichanganya. Mkojo una karibu sehemu tisa katika kumi za naitrojeni yote, na sehemu kubwa ya fosforasi na potasiamu. Nao kwa kawaida hauna vijidudu vingi, ijapokuwa homa ya matumbo na kichocho cha kibofu huweza kupitia humo. Kinyesi kina rutuba kidogo, lakini ndicho chenye karibu maradhi yote. Ukivichanganya waitia sumu mbolea nzuri, na uvundo waupata juu yake. Ukivitenga, kila kimoja chaweza kutendewa kwa namna yake.

Choo cha kutenganisha hujengwa juu ya ardhi bila shimo, wala hakitaki maji. Mahali pa kuchutamia pana matundu mawili: la mbele hupeleka mkojo kwa mpira mpaka katika jerikani, na la nyuma huangusha kinyesi katika chumba kikavu kilicho chini. Kila mtu amalizapo hutupia kata moja ya majivu. Majivu hukausha, hufukuza nzi, huondoa harufu, na ukali wake husaidia kuua vijidudu. Vyumba ni viwili. Kimoja kikijaa hufungwa, na cha pili huanza kutumika. Vyoo vya namna hii vilianza kujengwa katika miji midogo ya kusini-magharibi ya Uganda, kama Kisoro na Kabale, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kisoro iko chini ya mlima Muhavura na ardhi yake ni mawe ya volkano. Kuchimba shimo la choo huko ni kazi ya tarimbo na jasho jingi, kwa hiyo choo kisicho na shimo kilipata wenyeji wake. Hata hivyo si kila mwenye choo aliyeitumia mbolea. Wengine waliuacha mkojo ukapotea ardhini kama zamani, na hapo faida ikabaki nusu.

Kuutumia mkojo si kazi ngumu. Kwanza jerikani ifungwe barabara, kwa sababu ile harufu kali ni naitrojeni ikitoroka. Kila uinusapo, wanusa fedha. Shirika la Afya la Dunia, katika maelekezo yake ya mwaka wa 2006, lasema kwamba mkojo wa watu wa nyumba moja waweza kutumika katika shamba lao wenyewe bila kungoja sana, mradi mwezi mmoja upite kati ya kutia na kuvuna. Lakini mkojo wa watu wengi uwekwe miezi 6 penye joto la digrii 20 au zaidi, ndipo ufae kwa mazao ya kila namna. Katika muda huo hujigeuza kuwa mkali, na vijidudu hufa humo. Wakati wa kutia, changanya mkojo sehemu moja na maji sehemu tatu au zaidi, chimba mfereji mdogo mbali kidogo na shina, mimina, kisha fukia. Usimwagie majani, yataungua. Mahindi yaliyofika magotini huupenda sana, na migomba kadhalika.

Kinyesi chataka uvumilivu. Penye joto kama Kampala kikae kikavu na majivu zaidi ya mwaka mmoja. Penye baridi kama Kabale, mwaka mmoja na nusu hata miwili. Au kichanganywe na majani na maganda, kilundikwe hata lundo lipate ndani yake joto la zaidi ya digrii 50 kwa wiki nzima, nalo ligeuzwe ili la nje liingie ndani. Kitokacho ni kama udongo mweusi wa msituni. Asiyeambiwa hawezi kujua asili yake. Hata hapo mimi ningekitia chini ya miti na mahindi, si penye karoti na nyanya.

Kwa asiye na fedha za kujenga, iko njia nyepesi zaidi, iliyoenezwa na Peter Morgan wa Zimbabwe, mtaalamu aliyepewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka wa 2013. Huchimbwa shimo fupi la kina cha mita moja hivi, na juu yake huwekwa kibanda chepesi cha kuhamishika. Kila siku hutupiwa udongo, majivu na majani makavu. Shimo likijaa, baada ya miezi 6 mpaka 12, kibanda huhamishwa, shimo hufunikwa kwa udongo mzuri, na mti hupandwa juu yake: mgomba, mpapai au mwembe. Hakuna mtu agusaye chochote, na kila mwaka nyumba hupata mti mmoja. Jambo la kuangalia ni kisima tu, kisiwe karibu.

Mjini mambo hayawezi kuwa hayo, maana mpangaji wa Bwaise hana mahali pa kupanda mwembe. Huko hapana budi uchafu wa wengi ukusanywe. Mwaka wa 2014 ulifunguliwa mtambo wa Lubigi katika Kampala, uliojengwa kupokea kila siku mita za ujazo 400 za tope la vyoo kutoka katika malori ya kunyonya, pamoja na mita za ujazo 5,000 za maji machafu ya mabomba. Tope hutandazwa katika vitanda vya kukaushia, maji yakachujika chini, na kilichokauka huuzwa kwa wakulima. Mtambo mpya wa Bugolobi ni mkubwa zaidi, nao umejengwa kwa mita za ujazo 45,000 kwa siku. Kazi hizi nazisifu, ila yafaa kujua mpaka wake: tope likikauka hubakiza fosforasi na mboji, lakini naitrojeni nyingi imekwisha kwenda na maji au hewani.

Jirani zetu wa Rwanda walionyesha njia nyingine mahali pasipotazamiwa. Baada ya mwaka wa 1994 magereza yao yalijaa kupita kiasi, na uchafu ukatishia mabonde ya jirani. Chuo cha KIST cha Kigali, kazi ikiongozwa na mhandisi Mtanzania Ainea Kimaro, kilijenga matangi makubwa ya duara chini ya ardhi. Gereza la kwanza lilikuwa Cyangugu, mwaka wa 2001. Ndani ya matangi uchafu huoza bila hewa ukatoa gesi ya kupikia, iliyopunguza kuni karibu nusu, na maji yanayotoka mwisho hutiwa mashambani. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ashden mwaka wa 2005.

Nasikia wengine wakisema kwamba watu wetu hawatakubali, kwa kuwa ni aibu. Aibu ipo, sikatai. Lakini samadi ya ng'ombe twaishika kwa mikono, twaipaka sakafuni na ukutani, wala hakuna anayekunja pua. Kinachofaa kuogopwa ni mayai ya mchango, na hayo yana dawa yake ambayo ni muda na joto. Mnunuzi wa mboga sokoni ana haki ya kuuliza zilikuzwaje, naye ajibiwe kweli.

Pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni shule za bweni. Nyingi hulipa mara mbili: hulipa lori linyonye vyoo, kisha hununua chumvichumvi ya shamba. Chukua shule ya wanafunzi 600 wanaokaa bwenini majuma 36 kwa mwaka. Kwa zile tarakimu za juu, mkojo wao una naitrojeni kilo 900 na zaidi, yaani karibu mifuko 40 ya yurea. Wadogo hula pungufu, na nyingine itatoroka; toa nusu, yabaki mifuko 20. Mahali pa kukojolea wavulana ndipo rahisi kuliko pote, maana hapo mkojo umekwisha kutengwa wenyewe. Panatakiwa bomba, matangi mawili ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, na mtu mmoja wa kuandika tarehe ya kufunga juu ya kila tangi. Litakalofungwa mwezi wa Agosti litakuwa tayari Februari, na mahindi ya mvua za Machi yakifika magotini litakuwa likiyangoja.